Ng'ombe Aliyeitwa Jaribio

Kwa miezi saba ofisi yangu ilikuwa chumba cha ndama. Sisemi hivyo kwa kujishusha. Kilikuwa chumba cha ndama kwa kila hali: mlango uliokatwa nusu, chuma ukutani cha kufungia kamba, na harufu niliyoipiga sabuni mara nne ikanishinda. Nilitandika mkeka wa plastiki, nikaweka meza na kompyuta, nikavuta waya wa umeme kutoka jikoni. Dirisha lilitazama majani chai yetu. Nyuma ya ukuta alikaa ng'ombe wetu wa pekee, Friesian mwenye mimba kubwa, na kila nilipokuwa na mkutano wa simu yeye pia alikuwa na la kuchangia.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, hapa karibu na Kapsoit, baada ya kampuni niliyoifanyia kazi Nairobi kupunguza watu. Nikaanza kutengeneza tovuti peke yangu. Mama alinipa kile chumba kwa sharti moja.

"Kaa hapo," aliniambia. "Lakini ng'ombe akizaa, ndama anaingia. Isipokuwa hiyo kazi yako ikuwe imeonekana."

Kuonekana ndiko kulikonitesa. Majani chai yanaonekana, maziwa yanaonekana, hata mahindi yakikataa kumea yanaonekana yakikataa. Mimi nilikaa saa kumi kwa siku nikitazama kioo cha kompyuta, nimevaa gambuti na leso, na jioni hapakuwa na debe wala gunia la kumwonyesha mtu. Jirani akipita akauliza yule msichana anafanya nini nyumbani mchana kutwa, Mama alijibu, "Anapumzika." Nilimsikia kupitia dirishani. Neno hilo liliniuma sana, na nilitaka siku moja aseme lingine. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili na hilo ndilo lililokuwa lengo langu kuu maishani.

Kazi iliyokuwa ionekane ilitoka kwa chama cha maziwa. Walitaka tovuti ambayo mwanachama angeona kilo zake za maziwa, na pia angemwita daktari wa kupandisha ng'ombe, yule anayekuja na mbegu za fahali kwenye mtungi wa baridi. Ng'ombe akitaka dume hana subira. Ukichelewa siku moja, unangoja wiki tatu. Kwa hiyo niliweka fomu: unajaza namba ya uanachama, aina ya ng'ombe na jina lake, unabonyeza, na ujumbe unaingia moja kwa moja kwenye simu ya daktari.

Mwanzoni nilikuwa nikipandisha mabadiliko kwenye tovuti kwa mkono. Siku moja nikabadilisha rangi ya kitufe kimoja, nikapandisha, nikaenda kunywa chai. Wakati huohuo mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu asiyependa kuaibika, alikuwa akiwaonyesha wanakamati tovuti yao. Ukurasa ukawa mweupe. Waliutazama robo saa nzima, na yeye akawaeleza kwamba huo ndio mtindo wa kisasa. Baadaye akanipigia simu.

"Madam, iko smart sana," alisema. "Lakini wanachama wangependa kuona pia maandishi."

Hapo ndipo nilipoamua kuweka mtambo wa kujiendesha. Anayeandika JavaScript anajua kwamba lugha hii ya kompyuta inakubali karibu kila upuuzi unaoiambia, haibishani nawe, kisha inakuaibisha mbele ya watu. Dawa yake ni kuandika majaribio, yaani programu ndogo za kuipima programu kubwa, na kuyaweka kwenye mashine iliyo mbali. Kila ukipeleka kazi mpya, mashine inaikagua, inaijaribu, inaifunga pamoja, na ikiona ni safi inaipandisha yenyewe. Ikiona kasoro inawasha nyekundu na kukataa.

Nilimweleza Mama, na nilishangaa alivyoelewa upesi. Mama ni mwanakamati wa kituo cha kununulia majani chai. Majani yanamwagwa mezani, anayapekua kwa vidole, na yakizidi majani mawili na chipukizi lake yanarudishwa kabla lori halijafika. Hana ndugu wala rafiki kwenye ile meza. Nilipokuwa darasa la sita alinirudishia kikapu changu mwenyewe mbele ya kituo kizima, kisha jioni akaniuliza kwa nini nimenuna.

"Kila nikibadilisha kitu," nilimwambia, "kinamwagwa mezani kwanza. Mashine inapekua. Ikiwa mbaya, narudishiwa. Ikiwa nzuri, inapanda lori."

"Na nani anaambia mashine majani mbaya ni gani?"

"Mimi."

"Kwa hivyo wewe ndio unachuma, na wewe ndio kamati."

"Eeh."

"Hapo ndio itaharibika," alisema, akaenda kukama.

Nilicheka. Niliandika majaribio kumi na tisa, na moja kati yake lilinifanya nijione fundi kwelikweli. Lilijifanya mkulima: linafungua ukurasa, linajaza fomu, linabonyeza, kisha linahakikisha ujumbe umetoka. Fomu ilikataa namba yoyote isiyo ya mwanachama halisi, na namba pekee niliyoijua kwa moyo ilikuwa yetu, kwa sababu imechongwa kwenye mkebe wa maziwa niliobeba utoto wangu wote. Nikaitumia. Aina ya ng'ombe nikaandika Ayrshire, maana napenda rangi yao. Jina la ng'ombe, Jaribio. Hali, haraka sana. Nikauagiza mtambo ufanye kazi kila nikipeleka mabadiliko, na pia kila siku saa moja asubuhi, hata kama nimelala.

Siku hiyo taa zote kumi na tisa ziliwaka kijani. Nilifurahi hadi nikatoka nje kumwambia ng'ombe.

Kesho yake, kama saa mbili hivi, pikipiki iliingia uani. Alikuwa daktari wa chama, mwanamume wa kama miaka arobaini, mpole, na mtungi wake ameufunga nyuma kwa mipira. Mama alimkaribisha. Kwetu mgeni haulizwi alichofuata. Anakalishwa, anapewa chai, na akishashiba atasema mwenyewe. Naye daktari ni mtu wa hapa. Hakuona adabu kudai kuonyeshwa ng'ombe kabla mwenye boma hajainuka. Basi Mama alingoja aseme, na yeye alingoja Mama ainuke. Walizungumza juu ya mvua. Alikunywa vikombe viwili, akala viazi vitamu, akamtazama ng'ombe wetu na tumbo lake la miezi minane kwa muda mrefu, akasema kongoi, asante ya kwetu, akaondoka.

"Huyo mtu ana adabu," Mama alisema.

Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu alikuja mara mbili, asubuhi na saa saba, kwa sababu saa sita nilikuwa nimerekebisha herufi moja na kuipeleka. Wakati huo sikuona uhusiano wowote. Nilikuwa chumbani kwangu nikizitazama taa za kijani.

Mama yeye aliona uhusiano mwingine. Siku ya nne alitokeza kichwa juu ya mlango wangu wa nusu.

"Chana nywele," alisema.

"Kwa nini?"

"Chana tu. Na leo wewe ndio utaleta chai."

Mwanamume haji nyumbani kwa watu siku nne mfululizo kwa ajili ya viazi vitamu. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yake, na hesabu ilikuwa nzuri. Kuanzia hapo chakula kilipanda cheo. Siku ya tano zilitoka chapati. Siku ya saba Mama alishusha kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kupokelea wageni wa maana, akammiminia kikombe kizima huku akinitupia jicho. Daktari alikipokea kwa mikono miwili, uso wake umejaa wasiwasi.

Nami nakiri. Kufikia siku ya sita nilikuwa naoga mapema. Sikumtaka, lakini sikutaka pia kukataa nikiwa na tope. Nilitunga jibu la heshima la kumkatalia, lenye sifa zake mbili tatu mwanzoni ili lisimvunje moyo, nikalifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe.

Siku ya tisa Mama alimwita senge, dada ya marehemu baba yangu, aje kutoka Longisa amkague mtu huyu. Senge alivaa koti lake la kanisani. Alimtazama daktari akinywa kikombe cha kwanza, akamtazama akinywa cha pili, na alipoona cha tatu kinamiminwa uvumilivu ukamwisha.

"Daktari, chai umekunywa," alisema. "Sasa sema."

Daktari aliweka kikombe chini. Alimtazama Mama kwa huruma, kama mtu anayetafuta neno lisiloumiza.

"Mimi ningeomba tu kuonyeshwa Jaribio," alisema.

Senge alinigeukia. "Jaribio ni nani?"

Daktari akatoa simu, akasoma kwa sauti ya upole jumbe kumi na moja, zote za namna moja: namba yetu ya mkebe, Ayrshire, jina Jaribio, haraka sana. Mimi nilikuwa nimeshaelewa alipofika kwenye neno Ayrshire. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na lile jibu langu la heshima bado limekaa mdomoni, tayari kabisa, halina wa kupewa.

Kosa lilikuwa la kijinga. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili dogo la mipangilio lililosema ujumbe usitoke, uigizwe tu. Faili kama hilo hukaa kwako, halipelekwi pamoja na kazi nyingine. Ile mashine ya mbali haikuwa nalo, na kwa kuwa haikuambiwa iigize, ilituma kweli. Kila asubuhi saa moja ilimwita daktari kwa ng'ombe asiyekuwepo, ikaona ujumbe umetoka, ikawasha kijani.

Nilieleza yote hayo nikitazama birika. Daktari alicheka hadi akafuta macho. Ndipo akasema kwamba alidhani Mama anasahausahau, kwamba labda zamani alikuwa na Ayrshire aliyekufa, na yeye daktari hakuwa na moyo wa kumwambia. Alikuwa amebadilisha hata njia yake ya asubuhi ili aanzie kwetu, amzungumzishe kidogo.

Mama hakucheka. "Kwa hivyo kazi yako imeonekana," alisema. Halafu akaongeza, "Mursik yangu."

Niliona aibu ya kutaka kuingia chini ya meza. Mchana huohuo nikaweka ile mipangilio mahali pake, na hiyo pekee ingetosha. Lakini nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na mtu mwenye hasira huweka kufuli mbili. Niliandika kwamba ombi lolote lenye namba yetu lipokelewe kwa adabu lakini ujumbe usitoke kamwe, na lile jaribio la mkulima liridhike na neno asante tu. Halafu nikaandika jaribio la ishirini la kulinda hilo: ikitokea ujumbe ukatoka nyumbani kwetu, kazi yote ikataliwe. Taa ishirini, kijani. Siku ya pili pikipiki haikuja. Mama alitazama njia, akanywa chai yake peke yake.

Siku ya tano baada ya hapo, saa tatu asubuhi, ng'ombe akaanza kuzaa, wiki mbili kabla ya siku tuliyoitarajia. Ukwato mmoja ulitokea, halafu basi. Mama amezalisha ng'ombe wengi. Alijipaka sabuni hadi kiwikoni, akaingiza mkono, na nikauona uso wake ukibadilika.

"Mguu mwingine umekunjwa ndani," alisema. "Siwezi kuufikia. Mwite daktari."

Nilipiga simu mara sita. Akiwa kwenye pikipiki simu yake hukaa begini, hasikii mtu. Lakini ujumbe wa chama huusoma kila anaposimama, maana ndio unaompangia njia. Nikakimbia chumbani, nikafungua fomu, nikajaza namba yetu, nikabonyeza. Ikanijibu: Asante, ombi lako limepokelewa. Ndipo nikakumbuka kwamba ule ulikuwa uongo, na mwandishi wake ni mimi.

Nilifuta ile kufuli, nikapeleka kazi mezani. Mama alikuja akasimama kwenye mlango wa nusu, mikono yake inachuruzika. Nyuma ya ukuta ng'ombe aliguna kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Taa ikawaka nyekundu.

"Inasema nini?"

"Nimeacha mstari usio na kazi. Inataka pawe safi."

"Utoe."

Niliutoa, nikapeleka tena. Tukangoja. Usafi ukapita, majaribio yakaanza kuwaka moja moja, kumi, kumi na tano, kumi na tisa. La ishirini, nyekundu.

"Sasa inasema nini?"

"Inasema hapa nyumbani haturuhusiwi kumwita daktari."

"Nani aliiambia hivyo?"

"Mimi."

Alinitazama vilevile alivyonitazama darasa la sita. Nikamwambia ipo njia nyingine. Mimi ndiye mwenye funguo, naweza kupita kando ya meza, niipandishe kazi kwenye lori bila kukaguliwa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika amri yenyewe.

"Na kama umekosea tena?" Mama aliuliza.

Niliifuta amri. Nilikuwa nimekosea mara mbili katika dakika kumi.

"Rudisha mezani," alisema. "Pekua mzuri. Mimi nitamshika."

Akarudi kwa ng'ombe. Nilifuta jaribio la ishirini, nikasoma kila mstari kwa kidole kama mtoto wa chekechea, nikapeleka. Dakika sita. Niliomba Mungu juu ya mashine, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Kijani, kijani, hadi mwisho, kisha lori likaondoka. Nikajaza fomu upya. Haraka sana. Aina ya ng'ombe nikaandika, kwa mara ya kwanza, ukweli. Penye jina, vidole viliandika Jaribio kwa mazoea.

Kwamba ningeweza kutumia namba ya jirani yeyote tangu mwanzo, wazo hilo lilinijia siku tatu baadaye nikifua nguo.

Haikupita nusu saa, pikipiki ikaingia. Nilimkimbilia nikipiga kelele kwamba leo si mashine, leo ni kweli. Daktari alimsikia ng'ombe kabla hajanisikia mimi. Alivua koti huku akitembea. Alisukuma ndama nyuma, akautafuta mguu, akaunyoosha, kisha yeye na Mama wakavuta pamoja huku mimi nimeshika mkia, kazi niliyopewa ili nisisumbue. Ndama akatoka na maji yake yote, jike, akalala kama kitambaa kilicholowa. Daktari alimsugua pua kwa majani makavu. Ndama akapiga chafya. Mama akakaa chini palepale kwenye tope, akalia kidogo, akainuka.

Daktari alipokuwa akinawa nilimuuliza kama aliamini ule ujumbe.

"Hapana," alisema. "Niliona jina nikajua machine yako imeanza tena."

"Sasa ulikuja kwa nini?"

"Ilikuwa saa nne, saa ya chai." Alijifuta mikono, haya imemjaa. "Nilikuwa nimezoea hiyo chai."

Akamtazama ndama aliyekuwa akijaribu miguu yake. "Na sasa Jaribio nimemwona," alisema. Jina likabaki hilo.

Mvua ilianza mchana. Sharti lilikuwa sharti, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Nilichomoa waya, nikabeba kompyuta kifuani chini ya leso, nikamwachia Jaribio chumba pamoja na mkeka wake. Nilisimama jikoni sijui pa kwenda. Mama alipita hapo, akaingia sebuleni, akaondoa vitambaa vya kufuma kwenye meza kubwa, ile anayoandaliwa mchungaji wa kanisa peke yake.

"Weka hapa," alisema.

"Na wageni?"

"Wageni watakaa jikoni."

Asubuhi iliyofuata wanawake wawili wa kikundi cha kanisa walikuja kumwona ndama. Wakichungulia sebuleni waliniona nimekaa kwenye meza ya mchungaji, na mmoja wao akaanza kuuliza kwa sauti habari zangu. Mama aliweka kidole mdomoni, akawavuta jikoni.

"Ongeeni polepole," nilimsikia akisema. "Yuko kazini."

Umeme ulikuwa umepotea tangu alfajiri na kompyuta ilikuwa imezimika kabisa. Nikaanza kuchapa.